Tulivipa Visima Majina, Wenyeji wa Kilindi Tukawasahau

Katika mtaa wa Keko, wilayani Temeke, ambako tangu alfajiri mpaka magharibi msumeno na randa havipumziki, na ambako mtu hawezi kupita kwenda Chang'ombe bila viatu vyake kuchukua unga wa mbao, yupo fundi mmoja mtu mzima ambaye hakuanza kazi yake kwa vitanda wala makabati. Ujanani mwake, huko Kilwa, alikuwa mwanagenzi wa waunda majahazi; akajifunza kulaza mkuku, kusimamisha fashini, kupanga mataruma, na kukalafati kwa pamba na mafuta ya sifa kila mwanya uliokuwa baina ya ubao na ubao, kabla riziki haijamleta Dar es Salaam na kumketisha chini ya banda la mabati, anakowatengenezea makochi watu ambao hawajapata kupanda chombo cha tanga. Siku niliyokwenda kwake kuagiza rafu ya vitabu, alinionyesha kipande cha ubao wa zamani alichokihifadhi kama kumbukumbu ya kazi yake ya kwanza, nacho kilikuwa kimetobolewa matundu mengi mithili ya sega la nyuki.

"Mwanangu," akasema, "mchwa namjua, na dumuzi namjua. Aliyekula ubao huu si hao. Huyu ni wa baharini. Tulikuwa tukikipaka chombo shahamu na chokaa ili asipenye, na mara nyingine akapenya. Nami hujiuliza: huko chini kabisa, ambako hata nanga haifiki, nako wapo wenziwe?"

Nilimjibu kwamba wapo. Lakini jibu langu lilikuwa fupi kuliko swali lake, na makala haya ni jaribio la kulilipa deni hilo.

Mahali majina yanapokoma

Wazee wetu wa pwani walikuwa matajiri wa majina ya wakazi wa bahari. Ashukaye pwani maji yakitoka hukutana na kaa, kombe, chaza, kauri na simbi. Apigaye mbizi hujua kwamba pweza, ngisi na dome si mmoja, wala kamba si sawa na kamba kochi. Na bila shaka walikuwa watu wenye jicho la ushairi wale waliomwita kiumbe wa mikono mitano kiti cha pweza, na yule mnene alalaye mchangani wakamwita jongoo bahari. Hao wote, licha ya kutofautiana kwao kwa sura na mwendo, elimu ya leo huwaweka katika kundi moja kubwa, kundi la viumbe wasio na uti wa mgongo, ambao kwa wingi na kwa aina huwashinda samaki mara nyingi sana.

Lakini utajiri huo wa majina una mpaka. Hukoma pale ambapo pumzi ya mpiga mbizi hukoma na mshipi wa mvuvi hugota. Chini ya hapo nahodha alikuwa na bildi, kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba, akihesabu pima moja baada ya nyingine ili ajue kama chombo chake kitapita salama. Na bildi ikikosa kugusa chini, alisema hapa ni kilindi, akamshukuru Mungu, akaendelea na safari yake. Neno hilo ndilo lililoipa Mombasa jina la bandari yake ya Kilindini. Kwa baharia kilindi kilikuwa habari njema, maana kilimwepusha na mwamba. Hakuwa na sababu ya kuuliza ni nani aishiye humo.

Wala kilindi chetu hakiko mbali. Sakafu ya maji mafupi iliyoambatana na bara, ile iliyobeba miamba ya matumbawe na nyavu za wavuvi wetu, ni nyembamba mno katika Tanzania: kwa wastani haizidi kilometa sita kwa upana, isipokuwa pale inapotanuka kuelekea Unguja na Mafia. Baada ya hapo ardhi huinama na kuteremka kwa mamia, kisha kwa maelfu ya mita. Hata baina ya Tanga na kisiwa cha Pemba, safari ambayo majahazi huifanya tangu zama za kale, maji hufikia kina cha mita mia kadhaa. Mteremko huo, ambao wataalamu huuita ukingo wa bara, ndiyo nchi ninayoizungumzia.

Hali ya nchi hiyo ni ngumu kuiwazia sisi tuliolizoea jua. Nuru huzidi kufifia kadiri mtu ashukavyo, na baada ya mita 1,000 hakuna tena hata chembe ya mwanga wa mchana. Kila mita 10 za maji huongeza uzito mmoja sawa na ule wa hewa yote ituelemeayo hapa juu, hata mkazi wa kina cha mita 2,500 hubeba uzito huo mara 250 pasipo kupondeka, kwa kuwa mwili wake umejaa maji na haumo ndani yake uwazi wa kubonyezwa. Baridi nayo hukaribia ile ya jokofu. Na kwa kuwa penye giza hakuoti jani, chakula chote, isipokuwa katika mahali pachache penye chemchemi za pekee, hutoka juu: mizoga ya viumbe wadogo, vinyesi vyao, mabaki ya mimea isiyoonekana kwa macho, vyote vikidondoka polepole kwa siku na majuma, kama unga wa mbao udondokao chini ya msumeno wa fundi wa Keko. Katika yote yazaliwayo juu ya bahari, yafikayo sakafu ya kilindi kikuu ni takriban sehemu moja katika mia, au pungufu yake. Kwa posho hiyo ndogo huishi jongoo bahari wa rangi ya zambarau na weupe wa maziwa, sifongo zenye mifupa mfano wa nyuzi za kioo, viti vya pweza wenye mikono myembamba kama mijeledi, kamba wekundu wenye papasi ndefu, na ndani ya tope lenyewe umati wa minyoo na kombe wadogo usio na hesabu.

Meli zilizokuja kuuliza

Isidhaniwe kwamba ni sisi peke yetu tuliokighafilikia kilindi. Katika miaka ya 1840 mtaalamu wa Uingereza, Edward Forbes, alishika rai kwamba chini ya pima 300 hivi uhai hukoma, na wasomi wengi wakamfuata. Rai hiyo ilikwisha kuvunjwa kabla ya meli ya Challenger kufunga safari yake ya kuizunguka dunia mwaka 1872 hadi 1876, lakini ilikuwa safari hiyo iliyouzika mjadala, ikaacha nyuma yake taarifa ya majalada 50.

Meli ya kwanza kuja na swali hilo karibu na mlango wetu ilikuwa Valdivia, meli ya Wajerumani iliyoongozwa na Profesa Carl Chun. Iliondoka Hamburg katikati ya mwaka 1898, ikateremka upande wa magharibi wa Afrika, ikazunguka kusini, na mwezi Machi 1899 ikatia nanga Dar es Salaam, ambao wakati ule ulikuwa mji mkuu wa koloni la Wajerumani. Kutoka hapa ilipanda kaskazini kupita pwani ya Somalia, ikishusha nyavu za kukokota na kuzipandisha zimejaa viumbe ambao hakuna aliyewahi kuwaona. Kazi ya kuvichambua vilivyopatikana katika safari hiyo, ambayo haikufika mwaka mmoja, iliendelea kuchapishwa mpaka mwaka 1940. Miongoni mwa viumbe vya safari hiyo alikuwamo mmoja mweusi, mwenye utando baina ya mikono yake na macho makubwa, ambaye Chun alimpa mwaka 1903 jina la Kilatini lenye maana ya ngisi mnyonya damu wa jahanamu. Iliichukua elimu zaidi ya miaka mia kugundua kwamba maskini huyo hanyonyi damu ya mtu wala ya samaki. Hula ule unga udondokao kutoka juu. Alitoka gizani akapewa jina, na jina lenyewe likawa la kumsingizia.

Meli ya pili inastahili kutajwa kwa heshima, kwa sababu haikuwa ya Ulaya. Ilikuwa ya Misri, na jina lake lilikuwa Mabahiss, neno la Kiarabu lenye maana ya tafiti. Mwaka 1933 ilitoka Iskandaria kwa gharama ya wasia wa Sir John Murray, mmoja wa wanazuoni wa ile Challenger, chini ya uongozi wa Seymour Sewell. Nahodha alikuwa Mwingereza, bali mabaharia walikuwa Wamisri, na Misri ilitoa pia wanazuoni wake wawili, Abdel Fattah Mohamed na Hussein Faouzi. Mwanzoni mwa mwaka 1934 ilifanya kazi katika maji ya Mombasa na Unguja, kisha ikarejea kwao mwezi Mei. Katika Bahari ya Arabu wataalamu wake walikuta jambo la ajabu: upande wa pwani ya Omani palikuwa na tabaka la maji yaliyopungukiwa mno na hewa, na tope lililopandishwa kutoka huko lilikuwa karibu tupu, halina uhai wa kuonekana, na likinuka kama yai viza. Huku kwetu hali haikuwa hiyo. Faouzi, ambaye alikuwa tabibu na pia mtu wa kalamu, aliporejea aliandika kwa Kiarabu kitabu cha safari hiyo akajiita Sindibadi wa zama hizi. Hivyo wasomaji wa Kairo walipata kukijua kilindi cha Bahari ya Hindi kwa lugha yao wenyewe. Jambo hilo naomba msomaji aliweke akilini, nitalirudia.

Zikaja nyingine baada ya hizo. Mwaka 1964, katika ule utafiti mkubwa wa mataifa mengi juu ya Bahari ya Hindi, ilifika pande zetu meli ya Marekani iitwayo Anton Bruun, ambayo kabla ya kufundishwa kazi ya elimu ilikuwa mashua ya anasa ya Rais Truman. Mwaka 1982 na 1983 meli ya Norwei, Dr. Fridtjof Nansen, ilipima samaki wa Tanzania, na mwaka 2018 meli nyingine yenye jina hilo ilirudi. Ni meli yenye jina hilo hilo ambayo kwa upande wa magharibi, toka Moroko hadi Angola, ilikusanya viumbe wa sakafu waliohifadhiwa katika makumbusho ya chuo kikuu cha Bergen, wakichambuliwa na wataalamu wa Kiafrika na wa Ulaya pamoja.

Lakini kisa kinachonipendeza kuliko vyote ni cha mwaka 1992, wakati meli ya Uholanzi, Tyro, ilipochota tope la ukingo wa bara la Kenya, kuanzia upande wa Gazi kusini mpaka Kiwayu kaskazini, toka maji mafupi hadi kina cha mita 2,000 hivi. Matope hayo yalipopitishwa katika chekecheke laini kuliko kitambaa cha leso, kilichosalia ni minyoo mithili ya nyuzi, midogo hata haionekani ila kwa darubini, nayo ikaja kuchambuliwa na Mwafrika wa Mashariki, Agnes Muthumbi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ambaye pamoja na wenzake wa Ubelgiji na Uholanzi alieleza namna minyoo hiyo inavyobadilika kadiri kina kinavyoongezeka, na akazipa majina aina ambazo hazijapata kuwa na jina. Jambo hili huenda likaonekana dogo kwa mtu ahesabuye utajiri kwa gunia. Lakini katika mraba wa mita moja ya tope la baharini minyoo ya namna hiyo huweza kufika mamia ya maelfu. Ndiyo ilimayo shamba lile, ikiligeuza na kulitia hewa, na pasipo hiyo tope lingekuwa kaburi tu.

Kutoka soko la Feri hadi kina cha mita elfu mbili

Sasa tufike zama zetu. Mwaka 2010 mitambo iliyotoboa sakafu ya bahari mkabala wa kusini mwa Tanzania ilipata gesi katika maji marefu kwa mara ya kwanza, na kisima hicho kikaitwa Pweza. Kikafuatwa na Chewa, kisha Chaza, Jodari, Mzia, Papa, Ngisi na Kamba. Wachimbaji wa kitalu cha jirani walichagua kapu la viungo badala ya kapu la samaki, wakatupatia Zafarani, Lavani, Tangawizi, Piri na Giligiliani. Asomaye orodha hiyo hudhani amepita soko la Feri asubuhi na soko la Kariakoo jioni. Ni majina mazuri, na ni fahari kwa Kiswahili kwamba hazina hiyo, ambayo pamoja na ile ya nchi kavu na maji mafupi hukadiriwa kuwa futi za ujazo trilioni 57, inatajwa kote duniani kwa maneno ya bibi zetu.

Hata hivyo kuna taksiri ndani ya fahari hiyo. Pweza tumjuaye ni yule wa mwambani, na chaza ni yule wa maji mafupi. Wale walioishi juu ya gesi hiyo tangu kabla hakujawa na mtu wa kuitafuta, katika kina cha mita 1,000 na 2,000 na zaidi, hawakualikwa katika ubatizo. Tulivibatiza visima kwa majina ya vitoweo vyetu, wenyeji wa mahali tukawaacha hawana jina.

Na tuliwaona. Roboti zishukazo kwa waya kuitazama mitambo hubeba kamera na taa, na katika baadhi ya kazi hizo wanazuoni waliomba kamera igeuzwe kidogo itazame na jirani. Kwa njia hiyo Andrew Gates wa kituo cha elimu ya bahari cha Southampton alitoa mwaka 2016 kitabu cha picha za viumbe wa vilindi vya Tanzania. Na mwaka 2021 yeye na wenziwe, wakiwamo Matthew Richmond, ambaye kitabu chake cha viumbe wa pwani ya Afrika Mashariki hutumiwa na wanafunzi tangu mwaka 1997, pamoja na Christopher Muhando na Zubeir Khamis, walichapisha makala ya kuonyesha mambo yapasayo kuzingatiwa taifa likipanga matumizi ya maji yake marefu. Maana ukipekecha mwamba, unga wa mwamba hutoka. Nao ukimwagika sakafuni huwafukia wasioweza kukimbia, na mahali pale, kwa ubaridi wake na uhaba wa posho yake, huchukua miaka mingi kurudia hali yake.

Simwandikii msomaji ili achukie gesi. Gesi ya Songo Songo ilianza kuzalisha umeme Ubungo mwaka 2004, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya umeme uliozungusha misumeno ya Keko imetoka chini ya bahari. Sitakuwa mwenye insafu nikiulaani moto ninaootea. Ninachosema ni kwamba mwenye kuuza shamba hulijua, huijua mipaka yake na miti iliyomo, kabla hajaweka dole gumba kwenye hati.

Na kwamba jina si pambo, ushahidi tunao nyumbani. Mwaka 2003, huko Songo Mnara, Kilwa, alinaswa samaki wa ajabu wa maji marefu, na muda si mrefu wengine wengi wakanaswa katika majarife ya Tanga. Wavuvi hawakuwa na jina lake. Wakalichukua lile la wataalamu wakalilainisha likawa silikanti. Kwa jina hilo alizungumzwa vijiweni, akaandikwa magazetini, akafundishwa shuleni, na kufikia mwaka 2009 palikuwapo Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Sidai kwamba jina peke yake liliileta hifadhi. Nadai kwamba ni muhali kumtetea asiyeitika, na mwanakijiji hawezi kuulizia hatima ya kitu ambacho kinywa chake hakiwezi kukitamka. Jongoo bahari wa mita 2,000 wana majina katika majalada ya Berlin na London. Wanastahili kuwa nayo Kilwa na Lindi, kwa lugha ya wale ambao bahari ile ni yao. Faouzi aliwafanyia hisani hiyo wasomaji wa Kiarabu zaidi ya miaka 85 iliyopita. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Sayansi za Bahari huko Unguja tangu mwaka 1978, na Kiswahili kina mabaraza yake ya istilahi. Kilichobaki ni kuwaketisha jamvi moja mtaalamu, mshairi na mvuvi.

Nilirudi Keko kuchukua rafu yangu, na ndipo nilipomlipa fundi deni lake. Nilimweleza kwamba mito yetu, Rufiji na Ruvuma, wakati wa mafuriko husukumia baharini magogo na mizizi ya mikoko. Kwamba baadhi yake hulowa na kuzama mpaka kilindini. Na kwamba huko huko wapo kombe wadogo, ndugu wa yule mharibifu wa majahazi, ambao kazi yao ni kuula ubao, wakisaidiwa na vijidudu vilivyomo ndani ya miili yao. Mwaka 1973 mwanazuoni wa Marekani, Ruth Turner, alieleza habari za mbao zilizowekwa makusudi katika kina cha mita 1,830, ambazo baada ya siku 104 tu zilikutwa zimetobolewa na kumong'onyoka. Kutokana na tafuno zao wengine wengi hupata kula, na gogo moja huwa kama kijiji.

"Siku mia na nne," fundi akasema, akikipapasa kile kipande chake. "Sisi kwa mninga tungemchelewesha. Anaitwaje?"

Nikamwambia kwamba kwa Kiswahili hana jina. Wataalamu humwita kwa Kiyunani, Ksilofaga.

"Na maana yake?"

"Mla ubao."

Alinitazama kitambo, kama mtu aliyetarajia kupewa johari akapewa kokoto aliyokwisha kuwa nayo mfukoni. "Kumbe nao walisema hivyo hivyo tu," akasema. "Basi huyo ni mlambao." Akakirudisha kipande rafuni, akashika randa, akaendelea na kazi ya mteja mwingine.